Soja na mpishi ni sisi, wakili na daktari ni nani? Tuongee kuhusu nani hupewa role gani kwenye filamu

JaKondele (mwanzisha uzi)

Wasee, hii maneno imenikaa rohoni nikaona heri niimwage hapa. Kila filamu kubwa ikitangazwa watu hugawanyika, huku wanapiga kelele ati mtu mweusi ameharibu hadithi ya wazungu, huku wengine wanasema Mkenya aigizwe na Mkenya peke yake basi, na mimi naona wote wanaanzia pabaya kwa sababu wanaangalia sura kwanza, hawaulizi kazi inagawanywaje.

Nianze na ya nyumbani. Mjaluo aliyependwa zaidi kwenye TV ya Kenya ni Mzee Ojwang', na aliyekuwa akimuigiza, Benson Wanjau, Mungu amlaze pema, alikuwa Mkikuyu. Mama Kayai naye, Mary Khavere, ni Mluhya. Hao wawili walikaa kwenye kipindi cha Vitimbi miaka na mikaka wakiwa bwana na bibi Wajaluo na sijawahi sikia mzee hata mmoja wa kwetu akisema tumeibiwa. Wanjau alipoaga Julai 2015 kwetu aliombolezwa kama jaduong', mzee wa ukoo. Kwa hivyo mtu asiniambie kabila ya mwigizaji ndio inaamua kama kazi ni halali. Alisikiliza venye tunaongea, akaishika na heshima, ikakubali.

Swali langu ni lingine. Huo mlango unafunguka pande zote mbili? Mtu wa Kondele hapa Kisumu na lafudhi yake yote anaweza kupewa role ya wakili wa Nairobi, ya meneja wa benki, ya yule kijana anayependwa na dada wa Kilimani hadi mwisho wa filamu? Ama yeye kazi yake ni kuja sini moja, aseme maneno kwa Kizungu kikubwa kikubwa watu wacheke, atoke?

Sasa wageni wakija na kamera hali ni hiyo hiyo, imevaa koti tu. The First Grader, 2010. Hiyo ni hadithi ya hapa juu Eldoret, Kapkenduiywo Primary, Mzee Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza 2004 akiwa na miaka 84. Maruge aliigizwa na Oliver Litondo, wakubwa wenu mnamkumbuka akisoma habari, na alifanya kazi safi sana. Lakini Jane Obinchu, mwalimu Mkenya aliyesimama na huyo mzee mpaka akabaki darasani, akapewa Naomie Harris wa London. Alijitahidi, sisemi alicheza vibaya. Nasema hii nchi imejaa waigizaji wa kike wanaojua mwalimu wa primary hushika chaki vipi, hutembea vipi na hunyamazisha darasa vipi, na hakuna hata mmoja aliyeaminiwa na hiyo role.

Sense8 nayo, ile series ya Netflix, dereva wa matatu wa Nairobi, Capheus, mara ya kwanza ni Aml Ameen, Mwingereza. Alipotoka nikasema sasa basi watachukua wa kwetu, wakamleta Toby Onwumere, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria. Mkenya Paul Ogola alikuwepo, alikuwa rafiki ya dereva.

Halafu kuna jina vijana wengi hawalijui, Joseph Olita, mtu wa Nyanza. 1981 aliigiza Idi Amin kwenye Rise and Fall of Idi Amin ya Sharad Patel, na akarudi akiwa Amin tena kidogo kwenye Mississippi Masala ya 1991. Robo karne baada ya ile ya kwanza Forest Whitaker, Mmarekani, naye akaigiza Amin huyo huyo, akabeba Oscar 2007. Whitaker alisoma hadi Kiswahili kwa ajili ya ile kazi, alistahili. Lakini Whitaker kabla ya Amin na baada ya Amin amekuwa kila kitu, na Olita jina lake likashikamana na huyo dikteta hadi alipokufa 2014. Hapo ndio naona roho inauma. Nyinyi mnaonaje?

Section58

Umenena. Mimi niko Nakuru na nimefanya ekstra hapa na Naivasha kwa muda sasa, wacha niwaambie venye huenda huko chini kabisa ambapo hakuna mtu wa Oscar. Mnapangwa foleni asubuhi baridi ikiwa imeshika, mtu anapita na karatasi yake anawaangalia usoni, hakuulizi jina. Wewe soko. Wewe kijiji. Wewe askari. Wewe simama huko kwanza. Weupe weupe na wenye nywele ndefu wanapelekwa sini za ofisi na hoteli, mweusi mrefu ni askari ama jambazi, na mama mnene mweusi ni muuza mboga hata kama ametoka nyumbani amevaa suti. Hakuna mahali imeandikwa. Hata wanaochagua si wazungu, ni watoto wetu tu wa hapa hapa.

Kuna siku niliitwa odisheni ya kipindi fulani, nimetumiwa kurasa za daktari nikazisoma mpaka nikazilalia. Kufika mbele ya kamera hata sijamaliza mstari wa pili jamaa akanikatiza, akasema sauti yako nzuri lakini hebu soma ile ya soja wa geti, na uiweke Kiluhya kidogo. Nikamwambia mimi ni Mkisii. Akasema haina noma, ni ile ya huko magharibi tu. Nikaisoma kwa sababu nilikuwa nahitaji hiyo kazi, kodi ya nyumba haingoji heshima yako, na nikaipata. Kwa runinga mimi ni soja. Mamangu alifurahi kuniona lakini aliuliza mbona unaongea hivyo.

OmwanaWaMaragoli

@Section58 pole sana ndugu yangu. Sisi Waluhya hiyo ya soja tumebebeshwa mpaka mtoto akienda shule Nairobi anaitwa hivyo. Lakini naomba nimtetee marehemu Charles Bukeko, yule wa kipindi cha TV cha Papa Shirandula. Alikuwa Mluhya anaigiza Mluhya ambaye ni soja, na hakuna aliyekuwa mkubwa kuliko yeye kwenye kile kipindi. Shirandula alikuwa na akili, ana bibi, ana siri yake, ana watu wanaomtegemea, kamera inamfuata mpaka nyumbani. Huyo ni binadamu anayefanya kazi ya usoja, tofauti na soja asiye na jina anayefungua geti gari ipite. Kwa hivyo mimi singesema role ya soja ndiyo matusi. Matusi ni ile ya kufungua geti tu.

JaKondele

@OmwanaWaMaragoli nakubali kabisa, na kwa hiyo hoja namkumbuka Sidede Onyulo. Ile filamu ya Wajerumani, Nowhere in Africa, iliyoshinda Oscar ya lugha za kigeni 2003, yeye ni Owuor, mpishi. Mpishi tena, ndio. Lakini itafuteni muiangalie, huyo mpishi ndiye anamfundisha yule mtoto wa Kiyahudi lugha, ndiye anajua lini familia iko karibu kuvunjika, na Onyulo hakuinamisha kichwa hata sini moja. Kinachoniuma ni kwamba mwigizaji wa kiwango kile, ukitaja jina lake leo hapa Kisumu kwenye kikundi cha waigizaji vijana, watu wanakuangalia tu.

HesabuNiHesabu

Mimi nitapinga kidogo, msinipige mawe. Mnaongea kama filamu ni harambee. Mtu anaweka mamilioni ya pesa na anataka zirudi, msambazaji wa London ama Los Angeles anauliza kitu kimoja, nani yuko kwenye bango? Ukimwambia ni dada fulani wa Nakuru ambaye hata Nakuru hawamjui anafunga faili. Bila Naomie Harris pengine hiyo hadithi ya Maruge isingepata pesa, na Litondo mwenyewe asingeonekana. Afrika Kusini walilalamika vilevile Jennifer Hudson alipopewa Winnie Mandela kwenye filamu ya 2011, na Mandela ameigizwa na Morgan Freeman 2009 na Idris Elba 2013, sababu ni hiyo hiyo. Ni soko, si chuki.

JaKondele

@HesabuNiHesabu hakuna wa kukupiga mawe, hiyo hoja ni nzito na ndiyo producer yeyote atakupa ukimuuliza. Lakini soko halianguki kutoka mbinguni. 1937 Hollywood ilitengeneza The Good Earth, hadithi ya wakulima Wachina. Kulikuwa na Anna May Wong, Mmarekani mwenye asili ya Uchina, nyota anayejulikana, jina lake linauza tiketi. Mume kwenye hadithi akapewa Paul Muni, Mzungu aliyepakwa rangi, na kanuni za studio za wakati huo zilikataza mapenzi ya rangi mbili kwenye skrini, basi mke hangeweza kuwa Mchina wa kweli. Akapewa Luise Rainer, naye akapakwa, na akashinda Oscar. Wong waliyempa ni role ya yule mwanamke mbaya, akakataa. Sasa niambie, hapo soko liliamua ama sheria ndiyo ililitengeneza hilo soko? Na miaka inayofuata mtu akisema Wachina hawana majina makubwa, hayo majina yangetoka wapi?

Na jina halizaliwi na mtu. Nani alimjua Lupita Nyong'o 2012? Sisi tulimjua kwa kile kipindi cha Shuga na kwa babake mwanasiasa. 12 Years a Slave ndiyo filamu yake ndefu ya kwanza, ametoka tu shule ya Yale, na Machi 2014 akapanda jukwaani kuchukua Oscar. Usiku huo huo kwenye viti alikuwa Barkhad Abdi, Msomali wa Minneapolis aliyekuwa dereva kabla ya Captain Phillips, hajawahi kuigiza filamu, akateuliwa, na tuzo ya BAFTA ya Uingereza akashinda. Hao wawili hawakuwa na jina lolote. Mtu aliamua kuwaamini, na pesa zikarudi.

NyarManyatta

Umemtaja nyaminwa, dada yetu Lupita, basi niseme yangu, kwa sababu watu humtumia kama dawa ya kufunga mjadala, ati si mmeona mmoja wenu ameshinda. Baada ya Oscar mtu angedhani sura hiyo itajaa kila mahali. Star Wars ya 2015 ni yeye lakini amegeuzwa kiumbe cha kompyuta. The Jungle Book ya 2016 ni sauti yake ndani ya mbwa mwitu. Mwenyewe amesema hadharani kwamba baada ya ule ushindi alikuwa anatumiwa skripti za mtumwa tena, mtumwa kwenye meli sasa. Na alikuwa na shahada, tuzo na ukoo unaojulikana. Sasa mimi wa Manyatta nisiyejua mtu?

Lakini mimi hasira yangu haiko Hollywood. Iko kwa matangazo yetu ya TV. Angalieni mama wa sabuni, mama wa mafuta ya kupika, mama wa bima. Rangi ya chai ya maziwa, wote. Mweusi tititi kama mimi anaingia akibeba ndoo. Nimeingia vyumba vya odisheni nikaambiwa niko sawa kabisa lakini kamera itasumbuka, mwanga hautanishika. Hiyo ni uongo, wacha niseme kama mtu aliyesimama nyuma ya kamera pia. Mtu mweusi unampiga mwanga kutoka ubavuni, unampaka mafuta kidogo ngozi irudishe nuru, unaacha kumsimamisha mbele ya ukuta mweupe unaolazimisha kamera kumfifisha. Ni kazi ya nusu saa. Wanaoshindwa ni wale wanaopanga taa zao kwa mtu mweupe wa kwanza halafu hawataki kuzisogeza. Nendeni muone Nairobi Half Life ya 2012, imejaa usiku na watu weusi, na unaona kila jasho kwenye uso wa Joseph Wairimu.

Section58

@NyarManyatta hiyo ya mwanga nimeiweka kichwani, siku wataniambia tena nitawajibu.

OmwanaWaMaragoli

Sasa niwaulize kitu ambacho nataka jibu la ukweli. Tukisema sisi tunaonewa, mbona tunashangilia wengine wakifanyiwa? 2023 kulikuwa na Queen Cleopatra ya Netflix, Cleopatra ni Adele James, mwigizaji mweusi wa Uingereza. Wamisri wakakasirika mpaka idara yao ya mambo ya kale ikatoa taarifa. Hapa kwetu watu wakasema Wamisri ni wabaguzi, basi. Lakini Cleopatra alikuwa wa ukoo wa Ptolemy, Wagiriki wa Macedonia waliotawala Misri karibu miaka 300. Kama Mwingereza akija afanye kipindi cha historia na Nabongo Mumia, mfalme wetu wa Wanga, aigizwe na Mzungu, Mumias tutanyamaza?

JaKondele

Omwana, hilo ndilo swali gumu na sitalikwepa. Kwangu kuna tofauti ya kitu kinachosema hii ni historia ilivyokuwa, na kitu kinachosema kaa nikupe hadithi. Kile kipindi kilitangazwa kama documentary, kuna wasomi wanaongea katikati, kwa hivyo sura inakuwa dai. Wamisri walikuwa na haki ya kuuliza ushahidi, ingawa wengi wao walimtukana yule dada kwa ngozi yake na hiyo siwezi kuitetea hata kidogo. Lakini The Little Mermaid ya mwaka huo huo, Halle Bailey kuwa nguva, watu wazima walilia ati nguva ni mweupe. Nguva wa hadithi! Hapo hakuna historia, hakuna kabila iliyoporwa.

Na kuhusu Nabongo, jibu liko kwenye mlango. Omar Sharif, Mmisri, 1965 alipewa Doctor Zhivago, Mrusi mzima mzima, na ulimwengu ukampenda. Miaka mitatu kabla Alec Guinness alikuwa Mwarabu, Prince Faisal, kwenye Lawrence of Arabia. Ingekuwa kila Mwarabu anapata Zhivago yake sidhani mtu angenuna Guinness akivaa kilemba. Lakini Sharif ni mmoja, na waliopakwa rangi wakaitwa Waarabu, Wahindi na Waafrika hawahesabiki. Laurence Olivier alijipaka mweusi akawa Othello 1965 na akateuliwa Oscar. Ira Aldridge, mweusi aliyezaliwa New York 1807, alicheza Othello London 1833 na magazeti yakamshambulia, akahamia kuzunguka Ulaya, na huko akajipaka weupe akawa Lear na Shylock, na Ulaya ikampa nishani. Alizikwa Poland. Kwa hivyo kuazimana role kulikuwepo tangu zamani na kunawezekana, shida ni mmoja kuazima kila siku na mwingine akigonga anaambiwa hakuna mtu nyumbani.

WaOgingaStreet

Nimesoma kimya, wacha nami niingie. Mimi ni Mhindi wa Kisumu, babu wa babu alikuja wakati reli inafika hapa 1901, Kijaluo naongea kuliko hata baadhi yenu mliokulia Nairobi. Serikali ilitutambua kama kabila la 44 mwaka 2017. Lakini kwenye vipindi vya Kenya mimi ni mtu mmoja tu, nakaa kwa kaunta, nahesabu pesa, nagombeza mfanyakazi, nasema "veve" badala ya "wewe". Hakuna Mhindi nesi, hakuna Mhindi fundi wa magari, na mitaani wako. Najua wapo wenye maduka waliotesa watu, sikatai, hiyo hasira ina mahali ilitoka. Lakini binti yangu anapenda kuigiza na akiwa shule alipewa mama wa duka, mwaka uliofuata akapewa mama wa duka tena, sasa ameacha. Ben Kingsley aliyeigiza Gandhi 1982 na kushinda Oscar, baba yake ni wa jamii zetu hizi za Kigujarati, na huyo baba alizaliwa Kenya. Watu wakisikia hivyo wanashtuka, kwa sababu hawajazoea kutufikiria tukiwa mahali pengine zaidi ya nyuma ya kaunta.

JaKondele

@WaOgingaStreet asante kwa kuandika, na ni kweli tumewafanyia hivyo. Binti arudi. Nitakuandikia inbox.

MwalimuWaButere

Mimi ni mwalimu na nina ushahidi kwamba watazamaji hawana shida hata kidogo, shida iko kwa wanaochagua. Mnakumbuka A Doll's House ya Ibsen ilipokuwa setibuku ya mtihani wa KCSE. Hadithi ya Norway, ya 1879, baridi, theluji, benki. Vikundi vya setibuku vikazunguka shule zote za huku. Kwetu Nora aliigizwa na binti wa Mumias, mweusi, mfupi, nywele za matuta. Ile sini ya kula makaruni, biskuti tamu, kwa siri walitumia biskuti za kawaida za duka, akawa anatafuna haraka haraka akiangalia mlango, na wasichana wa Form Four ukumbi mzima wakawa wanampigia kelele, ficha, ficha, anakuja! Mwisho alipovua pete na kutoka kulikuwa na kimya halafu vurugu, nusu wanamsifu, nusu wanauliza na watoto je. Tulirudi darasani wakabishana wiki nzima. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza mbona Mnorwe ni mweusi. Walimwamini kwa sababu alikuwa mzuri.

Lakini watoto hao hao tukiandika mchezo wetu wa tamasha la drama, mjakazi lazima aongee Kiluhya, tajiri lazima aongee kama wa Murang'a, mchawi ni Mkamba. Na sisi walimu tunacheka na tunapeana alama. Naona hapo ndipo soja wa @Section58 anaanzia, darasani, kabla kamera haijafika.

HesabuNiHesabu

Mwalimu umenigusa. Bado nasema pesa ni pesa, lakini hizo setibuku hazina bajeti wala jina kubwa na shule zinalipa. Hapo sina jibu.

NyarManyatta

Tusiishie kulalamika basi. Kitu moja inaweza kubadilika kesho: odisheni zote ziko Nairobi. Nauli ya kwenda na kurudi, mahali pa kulala, na unasomeshwa dakika mbili. Wakubali video tujirekodi kwa simu huku huku, raundi ya kwanza tu. Na watume kurasa za role zote kwa kila mtu, si kunitumia za ndoo peke yake kwa sababu wameona picha.

JaKondele

Sahihi kabisa NyarManyatta, na wacha tuanze sisi wenyewe. Kikundi chetu tunaanza kusoma mchezo mpya, kesi ya ardhi ya huku Seme, kuna hakimu, wakili wawili, daktari wa serikali, mama mjane na soja wa korti. Nimeamua kila mtu atasoma kila role kabla hatujagawa, na lafudhi ya mtu isiguswe, wakili akiwa wa Bondo aongee kama wa Bondo. Anayetaka aje Jumamosi, social hall, saa nane. @Section58 ukipata gari la kutoka Nakuru nataka nikusikie ukisoma daktari.

Section58

Nitakuja. Nitumie kurasa mapema.

WaOgingaStreet

Binti anauliza kama wakili wa pili ni mwanamke ama mwanaume.

JaKondele

Haijaandikwa. Mwambie azisome zote mbili.